Nondo wa Hasamba

Hasamba, 12 Machi 2004

Kaka Amoni,

Shikamoo. Huku mahindi yamebeba vizuri na mguu wa mama umepata nafuu.

Jarida la wadudu ulilomtumia mama limefika. Nimemwona yule nondo mhamiaji, ambaye hakuwahi kurekodiwa wilayani kwetu. Ni mimi niliyemkuta asubuhi kwenye mtego wa shambani, nikampima mabawa, nikaandika tarehe. Nilikukabidhi ukawaulize wataalamu jina lake tu. Chini ya picha wameandika: "Amegunduliwa na Amoni."

Mama ameubandika ukurasa huo ukutani. Jana akaniambia, "Jenista, ungekuwa na macho kama ya kaka yako!"

Nikamjibu, "Kweli, mama."

Nilimficha ukweli kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Jenista