Mama Aonja Kwanza

Jumapili, Mtoni. Mvua imepiga tangu alfajiri na uani hakupitiki. Niliamka na moyo mzito. Sasa ni jioni, na moyo ni mwepesi kiasi kwamba lazima niandike.

Mama anasahau. Hasahau funguo wala chumvi, anasahau watu. Juzi juzi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu kwa adabu, kisha nikaenda jikoni nikalia. Daktari alishatuambia kwamba seli za ubongo wake zinakufa kidogo kidogo, na dawa ya kuzirudisha hana.

Ndiyo maana nimeng'ang'ania uyoga.

Tangu nipunguzwe kazi kiwandani naotesha uyoga kwenye mifuko ya nailoni, ndani ya kibanda changu cha uani. Majirani walinicheka, sasa ndio wateja wangu. Mdogo wangu Salum, anayesoma chuo kikuu, alinisimulia kwamba huko Japani wataalamu wanachunguza uyoga fulani wenye kemikali za asili ambazo huenda zikazilinda seli za ubongo zisife. Nilidakia hapo hapo.

"Dada, taratibu," akasema. "Hayo bado mambo ya maabara. Halafu uyoga wenyewe siyo huu wako."

Nilimsikia vizuri. Nikapika hivyo hivyo.

Kila siku nampikia Mama mchuzi wa uyoga, na kila siku namtazama usoni kama kuna kilichobadilika. Siku nyingine najiona mjinga kabisa. Lakini ningefanya nini, nikae tu nimwangalie akipotea?

Huwa anakula peke yake chumbani, sisi tunakula uani. Leo, kwa ajili ya mvua, tulikaa wote mkeka mmoja, sinia la wali katikati na bakuli la uyoga pembeni. Wanangu, Zuhura na Idi, wakanyoosha mikono. Mama akaizuia.

"Huo uyoga. Msiguse. Naanza mie."

Akala kidogo, akatulia. Zuhura akanitazama, nikajua anamwona bibi yake mchoyo. Mimi nikakumbuka mbali.

Tulipokuwa wadogo tuliishi Boko, enzi hizo pori tupu. Mvua ikinyesha Mama alikwenda kuchuma uyoga, na upo wa sumu unaofanana kabisa na wa kuliwa. Akishapika alikula yeye kwanza, sisi tukangoja na njaa zetu. Akionekana mzima ndipo tulipopakuliwa. Utotoni niliona ni kawaida tu, kama kunawa mikono. Leo, nikiwa na wangu wawili kando, ndiyo nimeelewa. Alikuwa tayari afe yeye.

Hajui kwamba uyoga huu nimeuotesha mwenyewe. Jina langu limemtoka. Lakini watoto hawatakula sumu mbele yake.

Niliwaambia wanangu tungoje. Idi akanung'unika, wali ukapoa, mvua ikaendelea kupiga bati. Sikumwambia Mama kwamba uyoga ni salama. Nilitaka atulinde.

Mwishowe akatuangalia mmoja mmoja, akamaliza na mimi.

"Haya, kuleni wanangu. Mie mzima."

Wanangu, amesema. Na mimi nilikuwemo.

Alhamdulillahi. Sijui kama uyoga wangu unamlinda, labda sitajua kamwe. Kesho nitapika tena, na tutangoja tena mpaka aturuhusu.