Vikwembe mpaka Ukingo wa Mufereji

Mujukuu wangu Sefu, mume wangu mudogo,

Salamu nyingi toka Kindu. Sisi wote tuko wazima. Dada yako Zaina amejifungua mutoto wa kike, na akilia anasikika ng'ambo ya mto. Shangazi yako ametuletea mupunga wa Kibombo, basi tunakula tunashiba.

Umeniuliza tulisemaje na wakubwa wakati wa Zaire, maana huko Kinshasa mutaa wenu umejaa takataka na hakuna anayewasikia. Sisi hatukusema. Chama kilikuwa kimoja, na kazi yetu ilikuwa kuimba na kucheza.

Siku moja mukubwa wa zone, ile wilaya yetu, alikuja kututembelea. Mufereji wetu ulikuwa umeziba, unanuka vibaya. Sisi wanawake tulivua vikwembe vya juu, vile vitenge tunavyojifunga juu ya nguo, tukavitandika chini apite, kama heshima inavyotaka. Lakini hatukuvielekeza kwenye kiti chake. Tulivitandika mpaka ukingo wa mufereji, huku tunaimba jina lake!

Angekataaje heshima? Alikuja na viatu vyake vinavyong'aa, akasimama pale, akashika pua. Tukazidi kuimba. Mwisho akacheka mwenyewe: "Wamama, nimeona. Nitafutieni jembe."

Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya mutaa mzima, yeye njo alichimba wa kwanza.

Nakutumia kikwembe changu cha siku ile. Kimepauka, lakini kutandikwa bado kinatandikika.

Nyanya yako,
Mwavita