Saa Niliyoipanga kwa Ndege ya Surabaya

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Makassar. Jumapili, 15 Juni 2025, saa tatu asubuhi.

Jina: Akmal Situru. Umri: miaka 24. Kazi: mhitimu wa shahada ya jiografia, mwalimu wa masomo ya ziada. Makazi: Tallo, Makassar.

Natoa maelezo haya kwa hiari mbele ya Sajenti Pasolong, kuhusu binamu yangu Baso, aliyeko mahabusu. Anadaiwa kufika mjini saa moja na nusu asubuhi, akajificha ili auaibishe ukoo wa bwana harusi, kisha akamvunja mkono Daeng Ngalle, ami wa bwana harusi. Habari ya saa moja na nusu ilitoka kinywani mwangu.

Baso hufanya kazi Surabaya, kwenye karakana ya meli. Baba yao amefariki, hivyo yeye ndiye walii wa kumwozesha dada yake Nurhikmah, na dada mtu hakutaka mwingine.

Mnamo tarehe 7 Juni alinitumia tiketi yake, akaniachia kazi ya kupanga saa ya ndoa, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo. Ndege ingeondoka Surabaya saa moja kamili asubuhi. Umbali naujua, takriban kilomita mia nane. Nilipokuwa nikienda masomoni Surabaya, niliondoka hapa saa moja na kufika saa moja na nusu kwa saa ya kule. Nikaihesabu safari ya kurudi vivyo hivyo. Shangazi Daeng Bau, mama yake Baso, aliniambia: “Si uisome tu hiyo tiketi, mwanangu? Saa ya kufika imeandikwa.” Nilimjibu kwamba tiketi husomwa na wasiojua kukokotoa. Ndoa nikaipanga saa tatu.

Mnamo tarehe 14 Juni, saa tatu kamili, wageni walikuwa wameketi nyumbani kwa shangazi. Baso hakuwepo na simu yake ilikuwa imezimwa. Saa tatu na dakika ishirini Daeng Ngalle aliuliza kama walii amesahau njia ya kwao. Nilisimama nikatangaza kwamba ndege ilikwisha kutua tangu saa moja na nusu. Nilitaka ijulikane kuwa kosa si langu.

Daeng Ngalle akasema: “Msomi wao mwenyewe kasema. Jamaa yuko mjini, anatuchezea.”

Saa nne na robo aliwainua watu wake. Nurhikmah hakulia. Alivua bangili moja moja, akaziweka mezani.

Walipofika ngazini, Baso aliingia na begi lake. Daeng Ngalle alimwambia: “Umeshiba usingizi, bwana mkubwa? Haya, kaviozeshe viti.” Akaipiga kofia ya Baso, ikaanguka. Baso alimsukuma mara moja. Mzee aliteleza, akaangukia mkono. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Baso hakuwa na silaha.

Jana jioni niliisoma tiketi. Kabla ya hapo nilikuwa nimesahau kuisoma. Kufika Makassar: saa tatu na nusu. Safari ni ya saa moja na nusu, na saa yetu iko mbele ya yao kwa saa moja; anayekwenda kule huipata, anayerudi huilipa. Hayo mimi mwenyewe huwafundisha watoto. Baso hakujificha popote. Tulipokuwa tukimsema, alikuwa bado angani.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, na nayatia sahihi kwa mkono wangu.

(Sahihi) Akmal Situru

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake. Ameomba maneno “nilikuwa nimesahau kuisoma” yafutwe, yaandikwe “nilikataa kuisoma”. Sote wawili tumetia sahihi kando ya sahihisho. Tiketi imepokewa kama kielelezo. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, ameomba Daeng Ngalle asomewe maelezo haya, na yeye shahidi awe amesimama mbele ya mzee huyo.

(Sahihi) Sajenti Pasolong