Lazima na Ikiwezekana

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkuu wa kitengo ameikataa ramani yangu ya vituo vya magari ya wagonjwa. Programu yetu ya hesabu imependekeza gari moja la wagonjwa na robo tatu likae sokoni, na nusu gari karibu na kiwanda cha saruji. Akauliza hiyo nusu itabeba nusu mgonjwa? Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa kweli inachekesha. Programu haijui kwamba gari halikatwi.

Kuna kiendelezi chake, maktaba ya kutafuta jibu bora kwa namba nzima. Gari lipo au halipo, basi. Kimeshanunuliwa. Kazi yangu ni kukisakinisha na kutoa ramani mpya Ijumaa.

Makao makuu wamepiga tena. Wananitaka mji mwingine, niongoze kitengo kipya kuanzia mwezi ujao. Wanangoja jibu Jumatatu ijayo. Nimesema bado naongea na watu wa nyumbani. Uongo — sijaongea na mtu. Mama amelala mapema. Mkono wake wa kushoto, ule wa kiharusi, leo ulikuwa mzito kuliko jana.

Jumanne, 7 Oktoba

Kiendelezi kimegoma. Maandishi mekundu skrini nzima: maktaba haipatikani. Iko pale pale kwenye folda, naiona kwa macho yangu!

Nikamwita fundi wa kompyuta. Tunamwita Paswedi, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho hajawahi kumpa mtu. Alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama, akanywa, akatazama tena. Kumbe jina la folda lina nafasi katikati. Programu inasoma njia hadi kwenye nafasi, inadhani imefika, inasimama. Tukaibadilisha jina. Likaja kosa jipya: kiendelezi ni cha toleo jipya, programu yetu ni kikongwe. Inabidi kupakua cha zamani, na mtandao wa ofisi unajikokota.

Dada amepiga. Jumamosi ni zamu yake kulala kwa Mama, lakini watoto wake pacha wana mtihani. Nikasema haya.

Jumatano, 8 Oktoba

Kimekubali! Nikafunga kompyuta, nikaenda kula. Niliporudi programu imesahau kila kitu, kana kwamba hatujawahi kuonana. Nilikuwa nimeionyesha njia bila kuihifadhi. Nimeanza upya.

Jioni Kaka alipita. Alisimama mlangoni kwa Mama, funguo za gari mkononi muda wote. Akasema Mama anaonekana vizuri. Akanishukuru kwa kuwa nipo. Kisha akala kona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kimekaa. Nimezima, nimewasha, bado kipo.

Maelekezo yanasema: ukimaliza, kijaribu kwa tatizo dogo la kwako ambalo jibu lake unalijua. Nikafikiri kidogo. Tatizo dogo ninalo. Nani analala kwa Mama, siku gani. Watoto wanne, usiku saba, kila usiku mtu mmoja mzima. Jibu nalijua.

Nikaweka namba badala ya majina. Wa kwanza, Kaka: safari za kikazi, usiku hapatikani, lazima. Wa pili, Dada: pacha, mume mwenye zamu kiwandani, Jumamosi tu, lazima. Wa nne, mdogo wetu: anasoma jioni, na anasema hawezi kumwogesha Mama, mkono unamtetemeka. Lazima. Wa tatu ni mimi. Kila sharti kwenye programu hii unaliandika kwa namna moja kati ya mbili: lazima, au ikiwezekana. Nikaandika langu, nikabonyeza.

Jibu lilitoka kabla sijaondoa kidole. Kila usiku, wa tatu; isipokuwa Jumamosi, wa pili. Sawasawa na ilivyo nyumbani. Nikaandika kwenye taarifa: jaribio limefaulu.

Paswedi alikuwa nyuma yangu, amekuja kuchukua waya wake. Hajui ni hesabu ya nini. Aliona namba tu. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Huyu mbona peke yake hana lazima?"

Nikasema ndivyo nilivyoandika.

"Basi jibu ni huyu. Mashine ya nini?"

Akachukua waya wake akaenda.

Nilikaa. Nikasoma tena nilichoandika mwenyewe, kwa mkono wangu, bila mtu kunishikia bunduki: wa tatu angependa kuhama mwezi ujao, ikiwezekana. Nina hasira. Sijui hasira na nani, ila ninayo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ramani imekubaliwa. Magari mazima, vituo vizima. Mkuu amesema sasa tunaongea. Kanipa mkono.

Wenzangu walipotoka kula nilifungua tatizo dogo. Nikabadilisha neno moja. Kuanzia mwezi ujao, wa tatu hayupo mjini: lazima. Nikabonyeza.

Hakuna jibu linalowezekana.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia. Hakuna. Hiki kiendelezi kina kitu kimoja kizuri: ukikiomba, kinakuonyesha masharti machache yanayogombana, kwamba moja kati ya haya likilegea, njia inapatikana. Kikatoa manne. La Kaka, la Dada, la mdogo wetu, langu. Yamepangwa pamoja, ukubwa mmoja wa herufi. Sijawahi kuliona langu limekaa na ya wengine hivyo.

Nimeyatuma kwenye kundi la familia, na habari ya uhamisho juu yake. Simu nimeizima.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mdogo wetu katuma vikatuni vya kucheka, kisha akavifuta. Dada anasema mashine haijui undugu. Kaka kaandika: kikao kesho, nyumbani.

Nimemwambia Mama wakati namsuka. Akangoja nimalize mstari. Halafu akauliza, polepole, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo, huko nikienda nani atamsuka. Nikasema sijui. Akasema naye hajui. Akainamisha kichwa nianze mstari mwingine.

Nilitoka nje nikaanua nguo ambazo hazijakauka. Nilitaka kulia, ndiyo. Nampenda na nataka kwenda. Yote mawili ni mazima.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika hapa hapa mezani. Wanadhani naandika kumbukumbu za kikao. Wifi, mke wa Kaka, ameniuliza kama nimeandika kwamba yeye pia amehudhuria. Nimeandika.

Dada amelia, amenyamaza, amesema pacha watamaliza mitihani lakini kutakuwa na mingine. Mdogo wetu amejitia hamnazo, anachora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza. Suala la kuajiri muuguzi wa kulala hapa tulishaliongea mwaka jana. Mama alimfukuza wa kwanza, na wa pili alijifukuza mwenyewe.

Kaka ameomba nimwonyeshe kwenye kompyuta. Nimemwonyesha. Amesoma yote manne. Amerudi juu, amesoma tena. Akauliza, kwa upole kabisa, kama likilegea moja tu linatosha.

Nikasema linatosha, ila atakayelegeza ndiye atakayelala hapa.

"Basi legeza lako, mambo yaishe."

Hakusema kwa ubaya. Ndilo linalomshangaza mtu! Ni kama kuniomba nimsogezee chumvi. Na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe, kwa mazoea. Niliuona. Nikaurudisha kwenye kalamu.

"Anza na lako, Kaka."

Wifi anatazama dari. Kaka anatazama saa.

Mama ameita kutoka chumbani. Hajataja jina, ameita tu. Wote wamenigeukia mimi, hata Wifi. Naandika. Ameita tena.

Kiti kimoja kimesogea. Si changu. Sijainua kichwa kuona ni cha nani.