Ringi Niliyoitundika Bila Kupima

Kambarage, Jumapili

Yote miwili aliikosa. Mitupo huru miwili ya mpira wa kikapu, sekunde za mwisho, binti yangu Kabula kavaa jezi ya taifa, na tukafungwa kwa pointi moja. Majirani walikuwa uani kwangu, tumeizunguka simu.

Mama Nkwimba hakuweza kunyamaza. "Baba Kabula, mtoto kajifunzia ringi ya baiskeli. Ya wenzetu huko uwanjani ni ndogo kuliko hiyo."

Nilikasirika, maana nami nilikuwa nawaza hilohilo. Fundi baiskeli ni mimi. Niliyeigongelea ile ringi kwenye mwarobaini, Kabula akiwa darasa la nne, ni mimi, wala sikupima. Niliona duara, basi.

Walipoondoka nikaing'oa, nikaitupa kwenye vyuma chakavu.

Jioni akapiga simu. "Shikamoo, baba." Nikaitikia marahaba. Nikamwomba radhi kwa ile ringi. Akacheka huku analia.

"Baba, pale nyumbani nilikuwa sikosi. Nikija nataka nianzie pale kwanza. Bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Kisha nikaenda kutafuta nyundo.