Mota Uliyoiacha Wazi

Likasi, Jumapili ya kwanza ya Agosti

Mpendwa Papa,

Alhamisi Mama Georgette alikuja tena kutoka Kapolowe kuulizia mota ya pampu yake, ile inayotumia umeme wa paneli ya jua kumwagilia mboga. Ulimwahidi kabla kifua hakijakulaza. Nyaya mpya ulikuwa umeshaizungushia. Ncha zake zilikuwa zimesimama, zikingoja kulehemiwa kwenye vipande vya shaba.

Nakumbuka uliponikalisha karibu na meza yako, nikiwa bado na sare ya shule, mbele ya mota kama hiyo. Ulisema waya wenye umeme ukiwa kati ya sumaku husukumwa. Nikauliza kwa nini haufiki mahali ukasimama. Ukanionyesha silinda ya shaba iliyokatwa vipande, na makaa mawili madogo yanayoigusa na kuipitishia umeme. Waya ukikaribia kutulia, makaa yanakuta kipande kingine, umeme unageuza njia, waya unasukumwa tena.

“Ni sawa na mama yako,” ukasema. “Muntu anataka tu kupumuzika, anamutuma tena.”

Mama, kutoka jikoni, akajibu kwamba basi muntu huyo alale na njaa, tuone kama atazunguka.

Hukumruhusu mteja kuondoka kabla hajaizungusha mota kwa mkono wake mwenyewe. Ulifunga balbu ndogo kwenye nyaya zake, mteja akazungusha, balbu ikawaka, naye akacheka. Kilichokula umeme sasa kinautoa, ulimweleza. Mashine ni ile ile, inategemea tu nani anamsukuma mwenzake.

Papa, nilifuta meza yako.

Siku ya matanga yako watu walijaa uani, sufuria za ugali wa bukari zikaiva, hatukuwa na pa kuweka sahani. Nilichukua kitambaa chenye maji nikapangusa kila kitu. Baada ya mazishi ndipo nilikumbuka namba zako za chaki, zilizozunguka mahali mota ilipokaa: ncha ipi iende kwenye kipande kipi. Hukuziandika mahali pengine popote.

Nimejaribu. Nililehemu kwa kubahatisha, nikazungusha mpaka kiganja kikauma, balbu haikuwaka. Nikaiunga kwenye betri. Ilitetemeka, ikapata moto, ikanuka. Nadhani nusu ya nyaya zilisukuma mbele, nusu nyuma. Niliirudia mara tatu, na sasa ncha kadhaa zimekatika. Fundi mmoja wa mjini alisema nyaya zote zing’olewe, zianze upya. Nilimwelewa. Lakini ni kazi yako ya mwisho, Papa, na siwezi kumpa mtu aing’oe.

Kwa hiyo Alhamisi nilimwambia Mama Georgette ukweli.

“Weye ulikuwa unalia, mwana yangu. Nani angeona chaki?”

Afadhali angenigombeza. Nusu ya mboga zake zimekauka, na mvua bado iko mbali. Nilimsindikiza. Alipita sokoni akanunua ndoo mbili za plastiki, akapanda gari akiwa amezipakata. Nilibaki kando ya barabara, sikujua hata mikono niiweke wapi.

Sikuombi unisamehe; najua ungesema si kitu. Huko uliko, unikumbuke tu.

Binti yako