Mama Mkubwa hakwenda kijijini

Shoga, acha unachofanya usome hii. Tumetoka hospitali sasa hivi. Kikohozi cha Mama ni TB.

Mama akabisha, eti kwao hakuna aliyewahi kuugua kifua. Daktari akamweleza taratibu kwamba huenda aliambukizwa utotoni. Mwili ukawazingira wale bakteria, wakahisi hewa imepungua, wakaacha kuzaana, wakalala. Wanaweza kulala miaka hamsini. Sasa ugonjwa wa sukari umemshushia kinga, wameamka.

Mama Mkubwa Sofia alikuwa kakaa pembeni. Akainamisha kichwa.

"Klara, ni mimi. Mwaka sabini na sita."

Sabini na sita, shoga. Mama alikuwa na miaka kumi, wanalala kitanda kimoja kwenye kile chumba cha Kariakoo. Dada mtu akatoweka miezi minane. Nyumba nzima ikamwambia Mama kaenda kijiji cha ujamaa kulima. Mama akatamba shuleni kwamba dada yake anajenga taifa. Kumbe yuko wodini. Aliporudi kanenepa, wakasema ni chakula cha kijijini.

Wote walijua. Wote. Na hakuna aliyempeleka Mama kupimwa, wanaogopa majirani watajua.

Mama Mkubwa analia tu, "Baba alinikataza." Babu kafa mwaka themanini na mbili.

Mama hakulia. Alifunga mkoba wake, akamwangalia.

"Wale wadudu walinyamaza kwa kukosa hewa, dada. Wewe miaka yote hii ulikuwa unapumua."